Jina Lako Nani?

Mswahili akitaka kulijua jina lako haulizi "nini", anauliza "nani". Jina lako nani? Kisarufi jina ni kitu, limo katika ngeli moja na jiwe, jembe na jiko, na lingestahili kuulizwa kama vinavyoulizwa vitu hivyo. Lugha imegoma. Siku hizi nawasikia watu wakisema "jina lako ni gani?", kana kwamba majina yamepangwa rafuni na mtu achague, na ingawa hakuna aliyenipa kazi ya kusahihisha watu njiani, moyoni huwa nasahihisha.

Kuna na ile ya simuni na kibarazani: "Nani mwenzangu?" Mmekwisha kusalimiana, mazungumzo yamenoga, sasa unalitaka jina lake na hutaki aone unamhoji kama polisi. Unamfanya mwenzako kwanza, ndipo unamuuliza yeye ni nani. Na kama jina halijulikani, au halifai kutajwa, tunalo fulani, neno tulilolipata kwa Waarabu. Litazame linapovaa kanzu na kutoka kamili: fulani bin fulani. Hata mtu wa mfano, asiyekuwepo, aliyetungwa ili kufafanulia hukumu ya kadhi au kuanzia hadithi, hatukubali awe peke yake duniani. Lazima awe na baba, na baba naye awe fulani.

Nayaleta haya kwa sababu nina ugomvi wa miaka mingi na kisanduku.

Kisanduku hicho kimo kwenye fomu za pasi, za benki, za chuo na za hospitali, na juu yake pameandikwa "Jina la ukoo". Mimi, kama watu wengi wa pwani na Waislamu wengi wa bara, nina majina matatu: langu, la baba yangu, na la babu yangu mzaa baba. La nne sina. Kwa hiyo babu ndiye aliyeingizwa kisandukuni. Babu alipewa moja ya yale majina ya taabu. Nitalihifadhi, ila ni ndugu yao Mashaka, Shida na Tabu. Nilipokwenda kusoma Ulaya kwa miaka miwili, barua zote zilikuja kwa jina lake, na "Bwana" mbele. Mzee ambaye katika uhai wake hakupata kupanda ndege wala kufungua akaunti akawa anadaiwa kodi ya chumba. Mama mwenye nyumba alinisabahi kwa jina hilo kila siku, akilitamka vizuri kweli, nami kila siku nikajikuta nageuka kidogo nione nani yuko nyuma yangu.

Baadaye ikaja zamu ya mwanangu. Tulikuwa safarini, yeye ana miaka saba. Pasi yangu inaishia kwa babu yangu. Yake inaishia kwa baba yangu, ambaye ni babu yake. Kwetu huo ni utaratibu ule ule, umesogea hatua moja. Kwa ofisa wa uhamiaji aliyezishika pasi zile, nilikuwa mwanamume anayevusha mtoto wa ukoo mwingine. Nikaanza kueleza. Kueleza nasaba kwa lugha ya kigeni, foleni ikiwa mgongoni, ni jambo nisilomtakia mtu. Mtoto alikuwa haelewi maneno, anasoma nyuso tu. Akanivuta suruali: "Baba, kwani mimi si wa kwetu?"

Fomu zetu zina maneno kadhaa kwa kisanduku hicho: jina la ukoo, ubini, jina la familia, jina la mwisho. Karani atakwambia yote ni kitu kimoja. Hapo ndipo penye kosa.

Tuanze na ukoo. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo neno koo lenye maana ambayo wengi wetu tumeisahau: mnyama au ndege jike mwenye kuzaa. Siwezi tena kusikia "jina la ukoo" bila kumwona kuku na vifaranga vyake, na bila kucheka kidogo, maana kisanduku chenye neno linalonukia mama hakijapata kutaka jina la mama hata siku moja.

Wako watu ambao jina lao la ukoo ni la ukoo kwelikweli. Mchaga anayeitwa Mushi, Massawe, Lyimo au Kimaro hatuambii baba yake aliitwa nani. Anatuambia yeye ni wa kina nani, na mwenzake wa jina hilo huenda akawa ndugu wa mbali ambaye hawajapata kuonana. Pwani tunazo nisba, zile zinazoanza na al-: Mazrui walioitawala Mombasa hadi 1837, Busaidi waliotoa masultani wa Unguja, Harthy, Barwani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwanawe Profesa Ali Mazrui walilibeba Mazrui lile lile, kwa kuwa si la baba wala la babu, ni la kaumu nzima. Wako pia Wazanzibari ambao nisba zao zilikuwa zimelala kabatini Unguja, zikaja kuamka Muscat, ambako jina la kabila ndilo linalofunga jina la mtu. Kwa hawa wote kisanduku ni halali, wajaze kwa amani.

Ubini ni habari nyingine. Neno lenyewe limeundwa kwa bin ya Kiarabu na u- yetu ya kuundia dhana. Kama utu ni hali ya kuwa mtu, ubini ni hali ya kuwa mwana wa fulani. Aliyeliunda namvulia kofia. Ubini hautaji kundi. Unataja uhusiano, na uhusiano husogea kila anapozaliwa mtu. (Kwa bahati mbaya tunacho pia kitenzi kubini, yaani kughushi: mtu hubini noti, hubini sahihi. Sauti zimegongana tu, lakini kila ninapomwandika babu pale panapotakiwa ukoo nahisi nabini kwa maana zote mbili.)

Zamani kiungo hicho kilisikika waziwazi. Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mwana Kupona binti Mshamu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ambaye jina lake ni ngazi tatu na unazihesabu ukipanda. Ukitamka majina hayo unasikia hatua: huyu wa huyu, wa huyu. Katika karne ya ishirini bin ikaanza kudondoka, na Shaaban bin Robert akawa Shaaban Robert. Kiungo kikidondoka, jina la baba hubaki limesimama kando ya la mwana bila kazi inayojulikana, na jicho la karani hulisoma kuwa la ukoo. Lakini tazama barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia mdogo wake kati ya 1931 na 1958, zilizokuja kuchapishwa kitabu. Mdogo mtu ni Yusuf Ulenge. Ndugu wawili, majina ya mwisho mawili, na katika kurasa zote hizo udugu wao haukuhitaji kuthibitishwa na kisanduku.

Kudondoka huku kwa kiungo si kwa Waswahili peke yao. Wakalenjini wana arap, bin yao, ambayo mwanamume huipata akishatoka jandoni. Daniel arap Moi alizaliwa akaitwa Toroitich, jina la kukaribisha ng'ombe wanaorudi nyumbani, na Moi limetokana na jina la baba yake, Kimoi. Watoto wake wangefuata mkondo huo, wangekuwa arap Toroitich au arap kitu kingine cha baba yao. Wakawa Moi: Gideon Moi, Raymond Moi. Arap limekwenda na jina limeganda. Sasa mweke pembeni yake Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Ngugi alilitupa James la ubatizo, akakisimamisha kile kiungo kidogo cha Kikuyu, wa, mbele ya jina la baba yake Thiong'o. Na wanawe walio waandishi? Mukoma wa Ngugi, Wanjiku wa Ngugi. Thiong'o hayumo tena. Amesogea, kama asogeavyo mtu kwenye mkeka ili wanaofuata nao wapate pa kukaa.

Unguja kuna mifano ambayo mtu angedhani imetungwa kwa ajili ya makala hii. Ali Hassan Mwinyi, rais wa pili wa Tanzania, alikuwa Ali wa Hassan wa Mwinyi. (Mwinyi lenyewe ni cheo kilichogeuka jina: ni yule mwenye, mwenye mji, na mtawala wa jadi wa Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu.) Mwanawe Hussein, rais wa Zanzibar, kwa hesabu ya ubini angeishia kwa Hassan. Anaitwa Hussein Ali Mwinyi. Limeganda mbele ya macho yetu, ndani ya kizazi kimoja, na hakuna aliyepiga mbiu. Kwa kina Karume ni kitendawili kingine: baba ni Abeid Amani Karume, mwana ni Amani Abeid Karume. Mjukuu kapewa jina la babu, majina mawili ya mbele yakapinduana kama watoto kwenye pembea, la tatu likabaki palepale, nguzo.

Ninalolipenda kuliko yote ni la Dk. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Lisome kutoka mbele, lisome kutoka nyuma. Mjukuu amepewa jina la babu na mnyororo umejifunga. Mpe fomu mtu wa namna hiyo: jina la kwanza Salim, jina la ukoo Salim. Ningelipia kiingilio nimwone karani akiirudisha fomu kwa kuwa mwombaji amejaza kisanduku kimoja mara mbili.

Na Rais Samia Suluhu Hassan. Suluhu ni baba yake, Hassan ni babu. Hakuchukua jina la mumewe, na pwani hakuna aliyetazamia achukue. Mwanamke huolewa na ubini wake. Nyumbani ni Rais Samia au Mama Samia. Lakini fungua magazeti ya Marekani na Uingereza: wakishamtaja mara moja kwa ukamilifu, mara ya pili wanaandika Hassan, basi. Mwanamke wa Makunduchi anageuka ghafla kuwa mzee aliyemzaa baba yake. Ninaposoma habari hizo nageuka tena nyuma kidogo, kama kule kwa mama mwenye nyumba.

Serikali hupenda jina lililoganda kwa sababu zake, za kodi na sensa na kesi za urithi. Uturuki ilitunga sheria mwaka 1934, kila raia ajitafutie jina la ukoo, na Mustafa Kemal akapewa na Bunge jina la Atatürk, baba wa Waturuki. Kongo ilikwenda njia yake. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, yeye mwenyewe akiacha Joseph-Désiré, na nchi ikabaki na neno lililozaliwa hukohuko, postnom, jina la kufuatia jina. Hadi leo mtu wa Lubumbashi au Goma anajaza visanduku vitatu, na majina ya ubatizo yamesharudi mlango wa nyuma. Rwanda na Burundi zimestaajabisha zaidi kwa kutofanya lolote. Kila mtoto alipewa lake, baba, mama na watoto sita wakawa na majina manane, na jua likachomoza kama kawaida.

Majina ya mwisho yakae hapo. Utamu uko mwanzoni.

Kuna majina ambayo ni kalenda. Juma, Hamisi, Mwanajuma, Mwanahamisi ni siku za juma. Rajabu, Shaabani, Ramadhani ni miezi. Idi, Maulidi na Haji ni misimu. Wajaluo wamekwenda mbali zaidi, wakaigawa siku yenyewe: Akinyi ni wa asubuhi, Otieno ni wa usiku, Okoth ni wa mvua, na Onyango amezaliwa jua likiwa linapanda kabla ya adhuhuri. (Rais wa 44 wa Marekani anabeba la baba wa babu yake. Babu mwenyewe alikuwa Hussein Onyango. Sijui kama wapiga kura wa Iowa waliambiwa.) Pacha kwetu ni Kurwa na Doto, nayo yameingia kamusini kama maneno ya kawaida, na anayewafuatia kwa Wasukuma ni Shija. Majina hayo yote yanamjibu anayeuliza lini, au wa ngapi.

Mengine ni gazeti la siku aliyozaliwa mtu. Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki aliitwa Nyerere kwa ajili ya viwavi walioyavamia mashamba wakati wa kuzaliwa kwake. Mwanawe alizaliwa Butiama mwaka 1922, siku hiyo ikanyesha, wakamwita Kambarage, jina la pepo wa mvua. Julius lilikuja kwa ubatizo mwaka 1943, alipokuwa mtu mzima. Kwa hiyo jina ambalo limebandikwa kwenye uwanja wa ndege, kwenye barabara, kwenye vyuo na kwenye bwawa la umeme la Rufiji ni la wadudu waliokula mazao ya watu wa Mara katika karne ya kumi na tisa. Laiti na majina yetu yangeandikwa hivyo kwenye mabango, na maelezo yake chini.

Nenda Upare, Uchagani au Umeru, kwenye sharika za Kilutheri, utakuta majina ambayo kwa mpenda maneno ni karamu: Elirehema, Elineema, Elifuraha, Elibariki. El ni Mungu kwa Kiebrania, yule yule aliyemo ndani ya Eliya na Elisha. Rehema, neema, furaha na baraka tumezipata kwa Kiarabu. Kiebrania na Kiarabu ni mabinamu, wametoka jamvi moja la lugha za Kisemiti, wakatengana zamani, mmoja akaja na Biblia kwa njia ya wamisionari na mwingine akaja na jahazi. Wakakutana tena mlimani, ndani ya jina la mtoto mchanga, na aliyewakutanisha ni Mbantu ambaye alikuwa anamshukuru Mungu tu. Wanyakyusa hawakuhitaji kukopa kwa yeyote, kwao jina ni sentensi nzima na kitenzi chake: Atupele, ametupa, Ambilikile, ameniita, Tusajigwe, tumebarikiwa. Warundi nao: Nkurunziza, jina la aliyekuwa rais wao, ni habari njema, kwa hiyo taarifa ya habari ya Bujumbura ilikuwa na miaka 15 ya kutaja habari njema hata siku ambazo habari hazikuwa njema.

Halafu yako yale ya taabu, ya kina babu yangu. Wengi huyadhania ni majina ya watu waliokosa bahati. Mengine kweli ni kumbukumbu: mwaka wa njaa, mwaka wa msiba, mwaka ambao baba hakurudi. Mengine ni majibu katika ugomvi ambao sisi hatukuusikia, na hapo ndipo anapozaliwa Sikudhani, au Hatujuani, na unabaki kujiuliza ni wifi gani au mke mwenza gani alitakiwa alisikie jina hilo kila mtoto anapoitwa aje kula. Haya ni kama kanga, yana maandishi, na mlengwa anajijua. Na yapo ya kinga, ambayo nitayarudia.

Historia ya utumwa nayo imekaa ndani ya majina, wala haikujificha. Mwimbaji mkubwa kuliko wote wa taarabu ya zamani alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Hilo ndilo jina alilokuja nalo mjini akiuza vyungu. Sauti yake ilipovuma akapewa lingine, Siti, bibi mwenye heshima, na kwa jina hilo alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Siti binti Saad. Jina alibadilisha, ubini alibaki nao. Kila ninapofikiri habari za bin na binti namkumbuka yeye, maana binti Saad ndiyo sehemu ya jina ambayo ilikuwa pale tangu Fumba, kabla ya vyungu, kabla ya nahodha yeyote kuisikia sauti ile.

Mrithi wake katika nyimbo, Fatuma binti Baraka, tulimzika mwaka 2013 na nusu ya waombolezaji ndipo walipolisikia jina hilo. Walimjua Bi Kidude. Hapa Kiswahili kina utajiri wa istilahi ambao tunauchezea: jina la utani, la kutaniana, lakabu, kutoka Kiarabu, ambalo mtu hupachikwa au hujipachika likashika, na jina la majazi, linalomfaa mtu kwa tabia au matendo yake, ambalo wanafunzi wa fasihi hulikimbilia kila wakikosa la kusema kuhusu mhusika. Ken Walibora, aliyemwita shujaa wa Siku Njema Kongowea Mswahili, huku Kongowea likiwa jina la kale la Mombasa, alikuwa pia Waliaula. Chukua kamusi uliangalie neno aula. Maana yake ni bora. Mtu amelitafsiri jina lake kwa Kiswahili, nasi tukazisoma riwaya zake miaka yote bila kuuona mchezo huo.

Waarabu wana aina nyingine, kunya, jina la mzazi kwa mtoto wake: Abu fulani, Umm fulani. Sisi neno lake hatukulichukua, lakini kitu chenyewe tunakiishi kutwa: Mama Asha, Baba Juma. (Na kunya moja tuliimeza bila kutafuna. Bakari ni Abu Bakr aliyenyang'anywa Abu yake, akabaki mtoto bila baba.) Mwanamke akishazaa, mtaa humwita kwa mtoto wake, na jina lake mwenyewe hukunjwa likawekwa sandukuni. Siku hizi simu zinayafichua. Unatuma pesa kwa jirani uliyemwita Mama fulani miaka kumi na miwili, na kabla hujabonyeza namba ya siri kioo kinakuuliza kama kweli unataka kumtumia mtu wa majina matatu ambaye hujapata kumsikia. Mara ya kwanza nilifuta, nikadhani nimekosea namba. Nilipopiga kuuliza akacheka sana, kisha akanyamaza kidogo, akaniambia jina lile mara ya mwisho kuitwa nalo ilikuwa na marehemu mama yake.

Limebaki neno moja la kutaja, nalo ndilo lililo karibu na moyo wangu. Watu wawili wenye jina moja, bara watakwambia ni wajina. Pwani ni somo. Neno lile lile la shuleni, lakini pia ni la rafiki, la kungwi, la anayekufunda. Masomo hawaitani majina. Kila mmoja humwita mwenziwe somo, basi, na kwa hiyo jina walilolishiriki ndilo jina pekee ambalo hawatamkiani maisha yao yote.

Mwaka jana tulipata mtoto wa kike. Siku ya saba tukamfanyia akika, akapewa jina la shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ikaja fomu. Jina lake, jina langu, jina la baba yangu: kwa ubini, babu angedondoka ukingoni kama alivyodondoka kwa kaka yake mtoto. Nikaukumbuka uwanja wa ndege. Nikawaza kufanya kama kina Mwinyi, nimgandishe mzee, tuwe na ukoo kama watu. Nikampigia shangazi, aliyebaki peke yake katika watoto wa babu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mtoto hajambo?"

Nikamweleza shida yangu na kisanduku. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini lile si jina lake," akasema. "Mama yake alizika watatu kabla yake. Alipozaliwa yeye wazee wakampa jina baya, ili hicho kinachochukua watoto kisimtazame mara mbili. La ukubwani alipewa alipotoka jando, na sisi tulimjua kwa hilo. Lile la utotoni lilibaki kwenye stakabadhi za kodi."

"Mbona hakulibadilisha?"

"Alibadilishe kwa nini? Lilikuwa limeshamfanyia kazi. Si kafika miaka tisini?"

Nikamuuliza basi niandike lipi.

"Andika utakalo," akasema. "Mimi nitamwita somo."